Moto wa Kagwiria

Siku hiyo tangu kupambazuke sikuweza kukaa. Nilivuta kigoda nichambue ndengu, nikasimama. Nikaenda kuwafungulia mbuzi, nikarudi kabla mbuzi wenyewe hawajajua wanaelekea wapi. Nikachukua ufagio nikafagia uwanja niliokuwa nimekwisha kuufagia. Ukiniuliza nilikuwa nangoja nini, nilikuwa nangoja boksi la vifaranga, na boksi lenyewe halikuwa langu.

Lilikuwa la Kagwiria, mke wa mwanangu Kathuri. Aliliagiza kwa simu kutoka kwao juu, pande za Nkubu, kwa mama mmoja anayeangua mayai kwa mashine na kuuza vifaranga wa siku moja. Mama huyo anawatia kwenye boksi lenye matundu, anampa dereva wa gari la asubuhi linaloteremka Embu, na wewe unabaki na simu mkononi ukiuliza wamefika wapi. Wanaweza kusafiri bila chakula wala maji kwa sababu kiini cha yai bado kiko tumboni mwao. Hayo alinieleza Kagwiria. Nilicheka, nikaona hacheki, nikaacha.

"Mama, zimetoka Chuka," akaniambia akiwa mlangoni mwa nyumba yake, ng'ambo ya uwanja.

"Sawa."

"Mama, zimepita Runyenjes."

"Haya."

Sawa na haya. Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nimebaki nayo kwa mke wa mwanangu, mimi Wanjira ambaye soko zima la Kiritiri linajua kwamba nikianza kuongea jua hutua nikiwa bado kwenye salamu.

Sababu ilikuwa viazi. Kagwiria ni mtu wa milimani. Kwao kuna ukungu, majani chai yamefika hadi mlangoni, na ukiangusha mbegu kwa bahati mbaya utaikuta imeota. Sisi huku chini ni jua, mbuzi, ndengu na muguka, yale majani ambayo vijana hutafuna na sisi tunalipia karo. Alipoolewa hapa alikuja na miche kutoka kwa mama yake. Alipanda kabichi, ikakauka. Alipanda matunda damu, yakakauka. Akapanda viazi, na siku alipovichimbua akavikuta vimenyauka, jirani wakiwa wamesimama njiani, nikamwambia kwamba huku viazi tunavinunua, hatuviziki. Watu walicheka. Na nilikuwa nasema kweli. Lakini kesho yake alifunga begi lake la bluu akaenda kwao kusalimia, na salamu hizo zikamaliza msimu mzima.

Kathuri alinipigia simu kutoka Isiolo, anakofanya kazi ya mjengo.

"Mama, nakuomba. Usimrekebishe tena. Kitu akifanya, wewe nyamaza tu. Akienda mara ingine, hatarudi."

Nikaahidi. Nilijua ninaahidi nini, maana ule msimu aliokuwa kwao ndipo nilipojua hasara. Tangu baba yake Kathuri afariki uwanja huu ulikuwa na taa moja jioni. Alipokuja Kagwiria zikawa mbili. Anapoosha vyombo huimba nyimbo za kanisa za Kimeru, nusu ya maneno nayaelewa, nusu nayakisia. Alipoondoka nilikuwa nikijikuta nimesimama uwanjani bila kazi, nikitazama dirisha lililofungwa. Niliona upweke, na sioni haya kusema. Basi aliporudi nikafyata ulimi. Akiunguza chakula, sawa. Akianika nguo kwenye miiba, haya. Nilinyamaza hadi taya zikauma.

Na wiki hiyo ya vifaranga, nilipompelekea maziwa, mlango wake ulikuwa wazi nikaliona lile begi la bluu nyuma ya mlango. Limejaa, zipu imefungwa, pindo la taulo limechungulia nje. Nilirudi kwangu na kikombe cha maziwa bado mkononi.

Boksi lilifika jua likiwa limeshaanza kuuma. Misheck, kijana wetu wa bodaboda, aliingia uwanjani polepole kuliko siku zote, na nyuma yake Kagwiria, aliyekuwa amekwenda kulipokea, amelipakata boksi mapajani, amelifunika kwa leso yake ya kichwani. Mwanamke wa milimani, kichwa wazi kwenye jua la Februari! Nikataka kusema. Nikasema, "Karibuni."

"Mama, njoo uone! Njoo!"

Alilifungua boksi palepale chini. Kelele zilizotoka humo, mtu angedhani ni mvua kwenye mabati. Walikuwa weusi, wa manjano, wa madoadoa, wengine na mistari mgongoni, wote wakipanda juu ya wenzao. Kagwiria alimtoa mmoja akamweka kwenye kiganja changu. Akawa anacheka, na macho yanamlengalenga. Ilikuwa siku nyingi sijamwona akicheka.

"Ziko ngapi?" akauliza Misheck.

"Wewe, vitu vyenye uhai havihesabiwi," nikamkemea. Kwa Misheck ulimi wangu haukuwa na ahadi.

Kagwiria akamrudisha kifaranga ndani, akafunga boksi, kicheko kikaisha. Akaniangalia.

"Mama, nikuambie ukweli. Hizi zikikufa kama zile viazi, mimi naenda kwetu. Nimechoka kuzika vitu."

Ningeweza kusema mengi. "Hazitakufa," nikasema. Basi.

Akawapeleka kwenye kibanda alichojengewa na Kathuri ubavuni mwa jikoni kwake, mabati juu na mabati pembeni. Hapo ndipo mateso yangu yalipoanza. Alikuwa ameshaandaa kila kitu tangu asubuhi. Sakafuni kamwaga maranda ya fundi seremala. Madirisha kayaziba kwa nailoni. Juu ya nailoni kapigilia magunia. Chini ya mlango kasukumia blanketi upepo usipite. Na katikati ya chumba, jiko la makaa, kubwa, limewaka jekundu. Mimi nilichungulia tu na jasho likanitoka hadi kwenye kope.

Kwao ndivyo wanavyolea vifaranga, na kwao ni sawa. Kule baridi ya mchana inaweza kumuua kifaranga kama ya usiku. Lakini sisi hapa Februari hata mijusi hutafuta kivuli. Kuku wetu akiangua, kazi yake mchana ni kuwatoa watoto juani, si kuwatia moto.

"Hawatasikia joto?" nikauliza. Niliuliza kwa sauti ndogo kabisa, nikitazama pembeni, kama mtu aliyeulizia kitu kingine.

Mabega yake yakapanda palepale. "Yule mama amesema moto isizimike, usiku na mchana. Amerudia mara mingi. Na mama yangu pia hufanya hivi."

"Sawa," nikasema.

Nikaenda kwangu. Nikakaa, nikasimama. Nikawasha redio, nikazima. Nikaanza kumenya kitunguu ambacho sikuwa na mboga ya kukitia. Mtoto wangu Kathuri alinifunga mdomo kwa simu ya dakika mbili, na yeye mwenyewe yuko Isiolo kwenye kivuli cha ghorofa. Nilimkasirikia. Nikamkasirikia na yule mama wa vifaranga, ambaye hajawahi kufika Kiritiri lakini anatupangia joto letu.

Sasa sikiliza habari ya moto, maana usipoielewa hutaelewa kwa nini sikuingia tu mle ndani nikafanya linalotakiwa.

Katika ukoo wa mume wangu, mwanamke akiolewa na kupewa jiko lake, siku ya kwanza huja kwa mama mkwe na kigae akaomba moto. Mama mkwe humpa kaa kutoka kwenye mafiga yake mwenyewe, naye huenda kuwasha kwake. Tangu siku hiyo moto ule ni wake. Mama mkwe hauchochei, hautii kuni, wala hauzimi. Hasa hauzimi. Kuuzima moto wa mke wa mwanao ni kumwambia rudi kwenu, na hakuna namna nyingine ya kulisoma jambo hilo. Nililiona mara moja, nikiwa mimi mwenyewe bado mgeni hapa. Mama mkwe wangu alimmwagia maji mafigani mke wa shemeji yangu mkubwa. Hakusema neno. Yule mke alibeba watoto wake mgongoni na mkononi akaondoka kabla majivu hayajakauka, na hakuonekana tena upande huu wa mto.

Kagwiria anakijua kisa hicho, na desturi ya kuomba moto pia. Nilimsimulia mimi, kwa mdomo wangu huu, wiki ya kwanza, nikidhani namburudisha. Lakini hakuwahi kuja kuniomba moto. Alikuja na meko yake ya gesi na kiberiti, akawasha, akapika chai. Sikumlaumu, dunia inakwenda. Liliniuma tu, na nikaliacha liume. Kwa hiyo lile jiko la vifaranga ndilo lilikuwa moto wa kwanza wa makaa kuwashwa na Kagwiria katika boma hili. Nilijaribu kujidanganya kwamba jiko la kubeba si mafiga. Moyo wangu ukakataa. Moto ni moto.

Jua lilikuwa utosini aliponiita tena. Alikuwa amesimama karibu na pikipiki ya Misheck.

"Mama, zile chakula nilinunua ni ya kuku kubwa, nimepatiwa mbaya. Wacha nikimbie Kiritiri nibadilishe. Nitarudi sasa hivi."

"Haya."

"Niangalizie moto, tafadhali. Isizimike. Makaa iko kwa ndoo, ukiona imepungua ongeza."

Yaani mtu wa kuulinda moto ule nikawa mimi. Nilifungua mdomo, nikaona begi la bluu mbele ya macho yangu, nikaufunga. Pikipiki ikaondoka na vumbi lake.

Nilizunguka uwanja. Nilikwenda hadi kwenye lango, nikatazama barabara, hakuna kitu ila joto linalocheza juu ya mchanga. Nikarudi. Kelele za vifaranga nilizisikia tangu langoni, kali, za kulalamika. Nikajiambia wana njaa. Nikaenda kuwatazama mbuzi waliokuwa wamelala chini ya mti wa mkau, ndimi nje. Nikarudi. Sasa kelele zilikuwa zimepungua. Nikajiambia wamelala. Nikaenda kuchota maji kwenye tangi, nikajaza ndoo, nikasimama na ndoo ile mkononi katikati ya uwanja bila kujua nimechotea nini.

Kisha kukawa kimya.

Niliwahi kulea watoto. Kuna kimya cha usingizi na kuna kimya kingine. Niliweka ndoo mlangoni, nikasukuma blanketi kwa mguu, nikaingia.

Joto lilinipiga usoni nikarudi nyuma hatua nzima. Hewa ilikuwa na harufu ya makaa na manyoya. Walikuwa wamejibana wote kwenye ukuta wa mbali, mbali na jiko, midomo wazi, mabawa yameachwa yakining'inia, vifua vinapanda na kushuka upesi upesi. Wengine walikuwa wamelala ubavu na miguu imenyooka. Nilimwokota mmoja, shingo ikaanguka kando ya kidole changu.

Nilikimbia nje nikampigia Kagwiria. Nikasikia simu yake ikiimba chumbani kwake, kwenye chaja. Nikampigia Misheck, ikalia hadi ikakatika, maana kijana huyo akiwa barabarani hasikii hata honi yake mwenyewe. Sikuwa na mwingine wa kumpigia. Nilisimama pale mlangoni, mwanamke mzima mwenye mvi, nikiliogopa jiko la makaa. Nikizima, anaondoka. Nisipozima, wanakufa, na anaondoka. Lakini nikizima, nitakuwa nimemfukuza mimi.

Nikasema, sizimi. Nitalitoa nje likiwaka vilevile. Nililiona hilo kuwa jambo la akili kabisa, na nikajisifu kidogo. Nikachukua jembe, nikaingiza mpini kwenye mshikio wa jiko, nikaanza kulivuta taratibu kuelekea mlangoni. Huku natazama nyuma nisikanyage kifaranga, huku navuta. Nikafika kizingitini. Mshikio ukachomoka.

Jiko likapinduka nusu ndani, nusu nje. Makaa yakamwagika kwenye maranda. Maranda makavu hayana subira, moshi ukapanda hapohapo, na ukingo wa blanketi ukashika moto. Mimi sikuwaza habari ya ukoo. Niliinyanyua ile ndoo nikamwaga yote. Fuuu! Mvuke ukaniingia machoni, majivu yakanirukia miguuni, na moto wa Kagwiria ukafa wote, hadi kaa la mwisho.

Kulia ningelia baadaye. Nilirarua magunia, nikapasua nailoni kwa kisu cha kitunguu. Nikawazoa vifaranga kwa beseni, kwa sufuria, kwa upindo wa nguo yangu, nikawapeleka chini ya ghala, pale penye kivuli ambapo upepo hupita kati ya nguzo. Nikawachovya midomo kwenye maji mmoja mmoja. Unamchovya, unangoja ameze, unamweka. Wapo waliomeza. Wapo ambao maji yalitoka pembeni ya mdomo tu. Hao niliwalaza kando kwenye gunia nikawafunika, nisiendelee kuwaona.

Hivyo ndivyo alivyonikuta. Sikuisikia pikipiki. Nilisikia tu mfuko wa chakula ukianguka chini.

Kagwiria alikuwa amesimama mbele ya kibanda, anatazama kizingiti. Jiko limelala ubavu. Makaa meusi, yameloa, na maji ya majivu yametiririka hadi kwenye viatu vyake. Misheck alitazama makaa, akanitazama mimi. Naye mama yake ni wa ukoo wetu. Aligeuza pikipiki bila kuomba nauli.

"Mama," Kagwiria akasema. "Umezima moto yangu?"

"Nimezima."

Kwa nini sikuongeza neno? Nilikuwa na maelezo yote, jembe, mshikio, blanketi. Lakini nilikuwa nimejizoeza kunyamaza kwa muda mrefu hata siku ya kusema ilipofika ulimi haukujua pa kuanzia. Alikuja hadi chini ya ghala. Aliwaona waliosimama. Akafunua gunia akawaona wengine. Akalifunika tena, vizuri, akatengeneza na pembe zake. Kisha akaingia nyumbani kwake, na alipotoka alikuwa na lile begi la bluu.

Alipita karibu yangu bila kuniangalia. Alikuwa amekaribia langoni. Hapo ulimi ukafunguka.

"Kagwiria! Jiko lilipinduka! Nilikuwa nalitoa nje likiwaka, likapinduka, ndipo nikamwaga maji. Lakini hata lisingepinduka ningelizima! Ungekuta wamekwisha wote! Hiki chumba ulikifunga kama mko Nkubu kwenye ukungu. Huku mchana kifaranga hahitaji moto, anahitaji kivuli! Hata zile viazi, hakuna kosa ulifanya kwa mkono wako, ni jua! Ni jua tu la huku! Hao kwa gunia wamekufa sababu mimi nilinyamaza."

Alisimama. Begi bado mkononi.

"Ulijua?"

"Nilijua tangu asubuhi. Tangu nione ile nailoni."

"Ulijua, na ukaniambia sawa?"

"Nilikuambia sawa."

Nimewahi kumwona Kagwiria akilia, nimewahi kumwona amenuna. Sikuwa nimemwona na hasira. Alirudi akinijia kwa kasi hata nikashika nguzo ya ghala.

"Mwaka mzima ni sawa, haya, sawa, haya! Nikipika, sawa. Nikiharibu, sawa. Hata nikirudi usiku, sawa! Unajua mimi nimefikiria nini? Nimefikiria huyu mama amenichoka, ananingoja tu niende. Mtu akikutaka si anakugombeza? Mama yangu hunigombeza kutoka asubuhi! Mimi nimepanga begi sababu hakuna mtu ananiongelesha hapa, Mama! Hakuna mtu!"

"Ni Kathuri," nikasema. "Kathuri alinikataza."

"Kathuri?"

"Alisema nikikurekebisha utaenda."

Alinitazama. Mdomo ukamchezacheza, sikujua unaelekea kwenye kilio au kwenye kitu kingine, na nadhani yeye pia hakujua. Alitupa begi chini. Akakaa juu yake, hapohapo kwenye vumbi chini ya ghala, akakishika kichwa kwa mikono miwili.

"Kathuri nitamuua," akasema.

"Nitakusaidia," nikamwambia.

Hakucheka. Wala hakuondoka. Lakini begi halikurudi ndani pia, na mimi sikuwa na uthubutu wa kuliangalia. Alasiri yote tulikuwa hivyo, yeye juu ya begi lake, mimi kwenye kigoda, vifaranga kati yetu. Tuliwanyunyizia chakula kwenye karatasi, tukawajazia maji. Walianza kukimbizana. Mmoja mwenye doa jeupe kichwani alipanda juu ya kiatu chake akalala. Waliokufa alikwenda kuwazika mwenyewe nyuma ya choo, na aliporudi alikaa tena palepale. Nilitaka kumwuliza kama bado anakwenda. Nilisimama, nikakaa. Nikaenda kuangalia mbuzi ambao hawakuwa na shida yoyote.

Jua likaanza kushuka, na mimi nikawa na jeuri kidogo ndani ya moyo, maana niliona nimeshinda. Moto hauhitajiki, nilisema mimi. Basi upepo wa jioni ukapita kati ya zile nguzo, na vifaranga wakaacha kukimbia. Wakaanza kusogeleana. Wakasogeleana zaidi, wakapandana, na ile sauti ikaanza tena, nyembamba, ya kulalamika. Niliwafunika kwa leso. Wakazidi kulia. Kuku wetu wakiangua, jioni huwaita watoto wakaingia chini ya mabawa. Mimi sikuwa na mabawa. Nilikuwa nimesahau kwamba hawa hawakuletwa na mama yao.

"Zinasikia baridi," Kagwiria akasema.

"Naona."

"Usiku haziwezi bila moto. Hapo mimi ndio najua."

"Hapo wewe ndiye unajua," nikakubali.

Akainuka. Akachukua begi. Nikasimama na mimi. Aliingia nalo nyumbani kwake, nikasikia akilitupa kitandani, kisha nikasikia akigongagonga vitu jikoni. Nilimsaidia kuwarudisha vifaranga kwenye kibanda, ambacho sasa kilikuwa na madirisha wazi na sakafu kavu upande mmoja. Jiko lilikuwa limeoshwa, mshikio umefungwa kwa waya. Ndani yake makaa mapya, meusi, baridi. Nikajua sasa atachukua kiberiti chake. Ni haki yake. Nikaenda zangu jikoni kwangu, nikapiga magoti mbele ya mafiga, nikapuliza moto wa uji wangu ambao haukuhitaji kupulizwa.

Kivuli kikaziba mlango.

Kagwiria alikuwa amesimama nje ya kizingiti, hajaingia. Mkononi ana kigae, kipande cha chungu kilichovunjika, sijui alikitoa wapi, nadhani ni kile nilichokuwa nikiwawekea mbwa maji. Alikishika kwa mikono yote miwili mbele yake, vibaya kabisa, vidole vimeingia ndani ambapo kaa litakaa.

"Mama," akasema. "Nimekuja kuomba moto."

Niliinamia mafiga upesi, asinione uso. Nilichagua. Niliacha yaliyokwisha kuwa majivu, nikachukua kaa kubwa la mgunga, jekundu hadi ndani, lile la kukaa hadi asubuhi. Nikaliinua kwa koleo, nikamgeukia, na kaa likiwa hewani kati yangu na yeye nikaona tena vile vidole vyake. Nilifunga mdomo. Nikaufungua.

"Usishike hivyo. Utaungua."

"Nionyeshe," akasema.

Nikaliweka kaa chini, nikamshika vidole nikamwonyesha.